Picha Yako ya Longonot Imetoka Sura Giza? Cheki Vile Wasee wa Kitambo Walipima Mwanga

Umepanda Longonot na mabeshte, mmefika juu kwa ukingo wa kreta, vumbi mpaka ndani ya soksi, mkapigana picha. Kuicheki, anga ni nyeupe pe na sura zenu ni vivuli tu. Usilaumu simu bado. Hii shida iko na zaidi ya miaka 130.

Wapiga picha wa kwanza walikuwa wanakisia tu. Reli ya Uganda ikijengwa, 1896 hadi 1901, William D. Young aliipiga picha kwa mabamba ya kioo. Ukikosea mwanga hapo, unajua tu ukishaosha bamba, na treni ilishapita kitambo.

Mwaka wa 1888, Hurter na Driffield wa Uingereza walitoa Actinograph, kitu kama rula ya kutelezesha. Unaweka mwezi, saa, na umbali wako kutoka ikweta. Longonot iko karibu digrii 1 kusini, so kadi ya London ingekuchocha vibaya huku.

Mwenye alinibamba zaidi ni Alfred Watkins wa Hereford. Mita yake ya 1890 haikukisia: ilikuwa na karatasi ya kemikali inayogeuka rangi ikipigwa na mwanga. Unahesabu sekunde mpaka ifanane na rangi iliyo kando yake. Kisha unazungusha namba, inakuambia uache lenzi wazi kwa muda gani. Baadaye akatoa Bee, saizi ya saa ya mfukoni. Juani ni sekunde chache, kivulini unangoja mpaka unaboeka.

1932 ikaja Weston 617 ya seleniamu. Haina betri, haina karatasi, sindano inaruka tu yenyewe. Lakini manze, ilipima mwanga unaorudi kutoka kwa kitu, si ule unaokiangukia. Anga ikijaa mbele yake, inadhani kila kitu kinang'aa, sura inabaki giza. Karatasi ya Watkins unaishika pale sura iko, so rangi ya ngozi yako haikuwa na maneno.

Simu yako imefuata njia ya Weston. Ukirudi Longonot, gusa sura kwa skrini kabla ya kubonyeza, ama mgeuke jua liwapige usoni. Mtakunja macho, lakini mtaonekana.