AC ya Barafu Si Ushamba, Ndiyo Ilitangulia

Wasee, kuna siku tulisimama na mzee wangu kwa petroli stesheni moja upande wa Mariakani. Jamaa wa pampu akachungulia ndani ya pikapu, akaona boksi jeupe la samaki limefungwa mkanda katikati ya viti, paipu mbili za PVC zimetokeza juu kama pembe, na feni ya rejeta ya kagari kadogo inavuma. Akacheka mpaka akasahau kurudisha kifuniko cha tanki. "Mnasafirisha pweza?" Mzee akamlipa, akawasha gari, hakusema kitu mpaka tukapita Samburu. Mimi nilikuwa nimeumia, kwa sababu hiyo boksi niliiunda mimi.

Nitawaambia venye nilifika hapo, lakini kwanza wacha niwarudishe 1881, Washington. Rais wa Marekani, James Garfield, amepigwa risasi kwa stesheni ya reli tarehe 2 Julai. Amelala Ikulu, joto la kiangazi ni la kuua, na madaktari wanazidi kuingiza vidole bila kunawa kwenye kidonda. Mainjinia wa jeshi la wanamaji wakaitwa wapoze chumba. Hakukuwa na kompresa, hakukuwa na gesi. Walichofanya ni kuchukua boksi, wakatundika ndani vitambaa vilivyoloweshwa maji ya barafu, wakaweka feni isukume hewa ipite kwa vitambaa hadi chumba cha mgonjwa. Joto la chumba likashuka kama digrii 11 za Selsiasi. Barafu ilienda tani kwa tani. Garfield alikufa bado, tarehe 19 Septemba, lakini si joto lililomuua.

Boksi, barafu, feni. Ikulu ya Marekani. Sasa mtu anicheke Mariakani.

Na hao mainjinia hawakuwa wa kwanza. Miaka ya 1840 kulikuwa na daktari anaitwa John Gorrie, huko Apalachicola, Florida, mji wa bandari, joto na unyevu kama Mombasa. Wagonjwa wake walikuwa wanakufa kwa homa, na watu wa enzi hizo waliamini malaria inaletwa na hewa mbaya, ndiyo maana hata hilo jina. Gorrie akatundika beseni za barafu karibu na dari, hewa baridi ikawa inashukia wagonjwa. Kuhusu malaria alikosea kabisa: ni mbu, na hilo lilikuja kuthibitishwa 1897. Kuhusu hewa alipatia. Shida ilikuwa barafu yenyewe ililetwa na meli kutoka kaskazini, ikichelewa hakuna kitu. Akaamua kutengeneza mashine ya kuunda barafu, akapewa hataza 1851. Hakupata wa kumwekea pesa, akafa 1855 bila chochote. Huyo ndiye ningempa stika kwa kioo cha nyuma.

Sasa turudi kwa pikapu. Ni Peugeot 504. Mzee hukumbusha kila mtu kwamba 504 ilishinda Safari Rally 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson. Sawa, lakini sidhani Andersson aliwahi kukaa jam ya Changamwe saa nane mchana na dirisha moja limekwama. Mzee huenda Taveta kuchukua nyanya na ndizi, anateremsha Kongowea. Ana presha, na mwaka jana alianza kushikwa na kizunguzungu akiwa kwa usukani. Fundi aliyetuambia bei ya kufunga AC ya kweli alitaja pesa karibu nusu ya bei ya gari lote. Mimi nilikuwa nimeacha chuo, mwaka wa pili, niko nyumbani napiga video. Kwa hivyo nikasema hii ni yangu.

Nilianza na maji, si barafu. Kuna historia hapo pia. Miaka ya 1930 hadi 1950 na kitu, Wamarekani waliovuka majangwa ya Arizona na California walikuwa wanakodi au kununua kifaa kama pipa dogo cha kutundika kwa dirisha la abiria. Ndani kuna maji na kitambaa cha kuloweshwa. Gari likienda, upepo unaingia kwa mdomo wa pipa, unapita kwa kitambaa kibichi, unaingia ndani ukiwa baridi. Vingi havikuwa hata na mota. Ukisimama, na baridi imesimama.

Hiyo kanuni nyanyako anaijua. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa sababu yanatoka jasho kidogo kidogo, na ile jasho ikikauka inaondoka na joto. Jokofu la mkaa ambalo wakulima hapa Kenya huwekea mboga ni hiyo hiyo: kuta za mkaa zinamwagiwa maji, upepo unafanya kazi. Na nguvu yake si mchezo. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kilojuli 334. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inameza kama 2,400. Mara saba! Nilipoona hizo namba nilijiona Carrier.

Nikachukua katani, nikaipanga ndani ya boksi, nikaweka pampu ndogo ya kuoshea kioo iwe inainyunyizia maji, feni ikavuta hewa. Nikaijaribia Voi, mchana. Manze, ilikuwa raha! Mzee alifunga dirisha lile moja linalofungika, akaanza kuimba. Maungu tuko sawa, Mackinnon Road tuko sawa. Kutoka Samburu nikaanza kuhisi shingo inanata. Mariakani kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu. Tulipofika Changamwe tulikuwa tumekaa ndani ya sufuria ya wali. Jam haisongi. Mzee akafungua mlango, akatoka, akakaa kwa ukingo wa barabara, shati limeshikana na mgongo, anapumua kwa mdomo. Nilimpelekea maji ya kunywa. Aliponirudishia chupa akaniuliza kwa sauti ya chini, si kwa hasira, "Hii ndiyo ulikuwa unasomea kule?"

Sikulala hiyo siku. Ndipo nikaanza kusoma hii historia kwa makini, na nikagundua mahali nilichomea.

Willis Carrier, yule anayeitwa baba wa AC, 1902 alikuwa na miaka 25, amemaliza Cornell mwaka uliotangulia. Hakuitwa kupoza mtu. Aliitwa na matatizo ya kiwanda cha uchapishaji huko Brooklyn. Karatasi ilikuwa inavuta unyevu wa hewa, inavimba, na kwa sababu picha ya rangi inachapishwa rangi moja baada ya nyingine, ya pili ilikuwa haikai juu ya ya kwanza. Carrier akapitisha hewa juu ya mikunjo ya paipu baridi, unyevu ukagandama kwa paipu ukadondoka kama matone kwenye chupa ya soda. AC ya kwanza ya kisasa ilikuwa mashine ya kukausha hewa, starehe ilikuja nyuma.

Mimi nilikuwa nimefanya kinyume. Nimechukua hewa ya Mombasa, ambayo tayari imeshiba maji, nikaiongezea maji. Jasho la mzee halikuwa na pa kwenda. Voi hewa ni kavu, maji yanakauka haraka, baridi inakuja. Pwani maji hayakauki, kwa hivyo ile mara saba yangu inabaki kwa karatasi. Wale Wamarekani na mapipa yao ya dirishani walikuwa jangwani. Wangeyaleta Florida wangelia kama mimi.

Kwa hivyo nikarudi kwa Garfield na Gorrie, ila nikabadilisha kitu kimoja. Sikutumia vitambaa vibichi wala barafu wazi. Najaza maji chupa 8 za lita 2, siziwezi kujaza hadi juu kwa sababu maji yakiganda yanavimba, zinalala kwa friza ya jirani anayeuza maji. Asubuhi zinaingia kwa boksi zikiwa na vifuniko. Feni inavuta hewa ya ndani ya gari, inapita katikati ya chupa, inatoka kwa paipu hadi kifuani kwa dereva. Chupa zikiwa baridi hivyo, unyevu unazigandamia nje, unateremka chini ya boksi, na kuna kapaipu ka kuutoa nje kupitia tundu la sakafu. Yaani inakausha kama ya Carrier. Gharama yake ni kwamba sehemu kubwa ya barafu inatumika kukamua maji hewani, si kupoza hewa tu. Kilo 16 za barafu zinameza kama kilojuli 5,300. Ukizivuta kwa kilowati moja, hiyo ni saa moja na nusu hivi. AC ya kweli ya gari ina nguvu mara tatu au nne ya hiyo. Lakini saa moja na nusu inatosha kutoka Kongowea, kupita Changamwe, hadi hewa ianze kukauka huko juu.

Mambo mawili kwa wale watakaojaribu. Weka fyuzi kwa waya wa feni, na ufunge boksi kwa mkanda, kwa sababu kilo 16 zikiruka wakati wa breki ni jiwe. Na ile barafu kavu inayotoa moshi, usiilete ndani ya gari kamwe. Ile ni kaboni dioksidi, inachukua nafasi ya hewa unayovuta na hutajua.

AC ya kiwanda nayo ilianza kwa vichekesho. Packard ndiyo kampuni ya kwanza kuuza gari lenye AC, ilioneshwa Chicago mwishoni mwa 1939. Bei ya AC pekee ilikuwa dola 274. Mtambo ulikula nafasi ya buti, na hakukuwa na swichi ya kuzima: ukisikia baridi unasimamisha gari, unafungua boneti, unatoa mkanda wa kompresa kwa mkono. Haikudumu, baada ya miaka michache wakaachana nayo. Ni 1954 ndipo Nash waliweza kuingiza kila kitu mbele kwenye nafasi ya injini. Kufikia 1969 zaidi ya nusu ya magari mapya Marekani yalikuwa na AC.

Halafu gesi ikaleta yake. R12 ikatoboa ozoni, dunia ikakubaliana Montreal 1987 iondolewe, na sekretarieti inayosimamia hayo iko hapa Nairobi, Gigiri. Ikaja R134a, haigusi ozoni ila inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 kuliko kaboni dioksidi, kilo kwa kilo. Ikabidi watu wakutane tena, Kigali, 2016. Boksi langu halijawahi kuitisha mkutano.

Siku hizi pikapu ina vyote viwili. Nilirudisha katani na pampu kwenye boksi la pili nyuma ya kiti. Kutoka Mombasa ni chupa, wakipita Samburu mzee anahamisha paipu kwa boksi la maji. Kurudi huwa usiku, joto limepungua. Kizunguzungu hakijarudi tangu Machi, ingawa pia alibadilishiwa dawa, kwa hivyo siwezi kujipigia makofi yote.

Jumanne alinipigia simu akiwa Maktau. Nikadhani gari limekufa. Aliniuliza tu, hilo boksi la nyuma linataka lita ngapi hadi Taveta, kwa sababu kuna dereva mwenzake amesimama hapo na kalamu mkononi.