Tezi ya Shingo: Karatasi Yasema Sawa, Mwili Wakataa

Mama wa Kibokoni atumia tembe za tezi ya shingo. Amepimwa damu, karatasi yasema ni sawa. Lakini bado achoka, nywele zamtoka, na joto lote hili la kaskazi yeye ajifunika shuka. Aamini karatasi au mwili wake?

Karatasi hiyo haikuwako zamani. Mwaka 1891, huko Newcastle, Uingereza, daktari George Murray alimtibu mama wa miaka 46 kwa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Damu haikupimwa. Alitazama uso uliovimba, akasikiliza usemi mzito, akaona vikipungua. Mama yule aliishi mpaka 1919.

Kipimo cha TSH kilikuja miaka ya 1960, na kilichoweza kuonyesha hata kiasi kidogo sana kikaenea miaka ya 1980. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Ni sauti ya kuiamsha, nayo yatoka chini ya ubongo. Tezi ikilala, sauti hupazwa, TSH ikapanda. Tezi ikizidisha kazi, TSH hushuka. Maabara nyingi huhesabu takriban 0.4 mpaka 4 kuwa sawa. Mja mzito ana kiwango chake.

Basi karatasi yajibu swali moja tu. Ulipimwa lini? Dozi ikibadilishwa, TSH huchukua wiki 6 mpaka 8 kutulia. Na tembe wazimeza vipi? Zataka maji matupu na tumbo tupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai na mahamri. Tembe za kuongeza damu za kliniki, na za kalsiamu, ziwe mbali nazo kwa saa 4. Dawa za nywele zenye vitamini ya biotini zaweza kuharibu kipimo chenyewe, kwa hiyo mtajie daktari.

Yote yakiwa sawa, tezi huenda haina kosa. Upungufu wa damu, sukari, huzuni baada ya kujifungua, au mtoto asiyelala usiku, vyote huchosha vivyo hivyo. Omba navyo viangaliwe. Kujiongezea tembe mwenyewe hudhuru moyo na mifupa.

Wengine huambiwa wazidishe chumvi. Tangu 1978 sheria ya Kenya yataka chumvi itiwe madini ya ayodini, na nyingi yavunwa hapa hapa Pwani, Gongoni. Hiyo ni kinga ya uvimbe wa shingo. Haishiki nafasi ya tembe, na ikizidi huleta presha.

Ukishika mimba ungali watumia tembe, usiziache. Mwone daktari mapema, kwani mara nyingi dozi huongezwa.