Maziwa inakataa, samaki kavu inawasha: protini itatoka wapi?

Huku Kivu, mtu akikosa nguvu ya mwili, shauri karibu kila siku ni moja: kunywa maziwa, kula samaki ndogo. Sambaza na ndakala kavu iko ku kila soko, na mashanza inauzwa mu bidoni barabarani. Lakini kuko watu ambao lile shauri njo linawaangusha. Maziwa inawavimbisha tumbo, samaki kavu inawapasua kichwa na kuwasha ngozi. Wengi wanaacha yote, wanabakia na bugali na majani. Ku mtu mkubwa nguvu inapungua. Ku mtoto, mlango wa bwaki unafunguka. Hii makala inaeleza hizi shida mbili na namna ya kupata protini bila kujiumiza.

Maziwa: shida tatu zenye watu wanachanganya

Ya kwanza ni laktozi, ni kusema sukari ya maziwa. Ili tumbo iisage, inahitaji enzimu inayoitwa laktazi. Mtoto anazaliwa nayo, kisha ku watu wengi inapungua kadiri wanakomaa. Karibu theluthi mbili za watu wakubwa duniani hawasagi laktozi muzuri. Dalili ni tumbo kujaa hewa, kunguruma na kuhara, masaa machache kisha kunywa. Inasumbua, lakini haiui. Tena wengi wanavumilia kiasi kidogo, sawa kikombe kimoja pamoja na chakula.

Ya pili ni alerji ya protini ya maziwa. Hii ni kinga ya mwili inayopigana na maziwa, na hata tone moja linaweza kuleta vipele, kutapika ao kukosa pumzi. Mwenye alerji hapimepime nyumbani.

Ya tatu ni shida ya muda: kisha kuhara kwa siku nyingi ao jiardia, tumbo inaweza kukataa maziwa kwa majuma kadhaa, halafu inapona.

Histamini ni nini?

Histamini iko ndani ya mwili wetu wote, lakini inapatikana pia mu chakula. Bakteria zikikuta nyama ao samaki iliyokaa, zinageuza sehemu ya protini kuwa histamini. Mwili uko na enzimu ya kuivunja, waganga wanaiita DAO. Inaonekana kwamba ku watu fulani hii enzimu ni kidogo, basi histamini inapita ku damu: kichwa kuuma, uso kuwa mwekundu ao kuchoma, kuwashwa, mafua bila baridi, moyo kupiga mbio, kuhara.

Jambo moja wamama wa jikoni wanapaswa kushika: moto hauondoe histamini. Hata kukaanga, kufukisha ao kuweka mu frigo haiondoe ile yenye imekwisha kuingia. Ndiyo sababu samaki iliyoharibika inaweza kulewesha hata mtu muzima kabisa. Kanuni za kimataifa za Codex zimeweka mpaka wa miligramu 200 kwa kilo moja ya samaki.

Pale shauri mbili zinagongana

Mwenye shida ya laktozi peke yake anaambiwa: acha maziwa mabichi, kula mashanza na fromaji iliyokomaa, kwani laktozi imepungua mle. Ni kweli. Lakini mwenye histamini, ile fromaji ya Masisi iliyokaa muda mrefu njo inamuumiza, kwa sababu kukomaa kunaongeza histamini. Mwenye shida zote mbili anapaswa kuacha maziwa na vilevile vyakula vilivyochachishwa: mashanza, fromaji iliyokomaa, kasiksi, bia na divai.

Ku samaki, angalia sana sambaza na ndakala kavu, tomson, samaki ya mikebe na makayabu. Sambaza ni ndugu ya sardini; ilitolewa mu Tanganyika na kuletwa mu ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki za ile jamaa na za jamaa ya tomson ziko na asili inayogeuka histamini haraka kama hazikupata baridi.

Protini inayobaki ku soko yetu

Mtu mkubwa wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 ya protini kwa siku. Bugali ya muhogo peke yake haifikishe, iko na protini kidogo sana. Lakini angalia:

- Maharagi: gramu 100 kavu inatoa karibu gramu 21. Loweka usiku, mwaga maji, pika na kula siku ileile.
- Soya: gramu 100 ya mbegu kavu inatoa karibu gramu 36. Unga unaingia mu uji, na maziwa ya soya haina laktozi. Wengine soya inawasumbua, anza kidogo.
- Karanga: kiganja kimoja, gramu 30, inatoa gramu 7. Kataa zenye kuota ukungu.
- Mayai: yai moja, karibu gramu 6. Lipike liive muzuri.
- Kuku, sungura, mbuzi, simbilisi (wengine wanasema dende): nyama iliyoiva ya gramu 100 inatoa karibu gramu 25. Mnyama mdogo anafaa sana, kwani jamaa inamumaliza siku ileile.
- Tilapia mbichi: haigeuke histamini haraka sawa sambaza. Inunuliwe ingali na macho maangavu na matamvua mekundu.
- Sombe na lengalenga: zinaongeza protini kidogo, na kalsiamu yenye ulikuwa unapata ku maziwa. Sombe itwangwe na kuchemka muda mrefu ili sumu itoke.

Hesabu ya siku moja: mayai mawili (12), maharagi kavu gramu 100 (21), kiganja cha karanga (7), kipande kidogo cha kuku cha gramu 50 (12). Inafika 52, bila tone la maziwa.

Saa njo dawa

Ku mwenye histamini, muda unapita aina ya chakula. Sambaza mbichi inavuliwa usiku na inafika ku soko asubuhi: kama unataka kuijaribu, inunue mapema, uipike mara moja, uimalize. Nyama iliyolala ku meza wakati umeme umekatika, usiile. Na kama inanuka, isiliwe na mtu yeyote. Pika kidogo, pika kila siku.

Namna ya kujua kama ni wewe

Hakuna kipimo cha damu kinachoaminika kabisa kwa histamini. Kwanza pima amiba, jiardia na vidonda vya tumbo, kwani vinafanana. Kisha, pamoja na munganga, acha vyakula vyenye kushukiwa kwa majuma mawili mpaka manne, ukiandika mu kayee chakula na dalili. Halafu rudisha kimoja kimoja. Usikubali orodha ndefu ya makatazo: mwingine tomati ao biringanya inamsumbua, mwingine hapana. Kisichokuumiza, endelea kukila.

Dawa pia zinaweza kufunga ile enzimu. Izoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ni moja yazo. Samaki kama tomson na fromaji zinaweza kuchoma uso wa mtu anayeimeza. Usiache dawa. Mwambie muuguzi, na badilisha chakula.

Watoto na hatari

Mtoto anayenyonya asiachishwe ziwa la mama kwa sababu ya kuhara. Mtoto mwenye kuvimba miguu, nywele kuwa nyekundu ao kukataa chakula, apelekwe kituo cha afya siku ileile. Na mtu yeyote, mkubwa ao mdogo, akivimba midomo, akikosa pumzi ao akizimia kisha kula, usingoje kuche: apelekwe hospitali mara moja.

Mu duka, soma karatasi ya biskuti na supu ya pakiti. Ukiona *lait en poudre*, *lactosérum* ao *caséine*, ujue maziwa iko ndani.