Mabinti watatu wa Denmark na ndoa zao katika falme za Ulaya

KATIKA ukoo wa kifalme wa Denmark, ni vigumu kupata mabinti ambao ndoa zao ziligusa mataifa mengi kama wale watatu wa Mfalme Christian wa Tisa: Alexandra, Dagmar na Thyra.

Utoto wao haukuashiria makuu. Kabla baba yao hajatawazwa mwaka 1863, familia iliishi Copenhagen kwa kipato cha kadiri, na mabinti walijishonea baadhi ya nguo zao. Alexandra, aliyezaliwa mwaka 1844, na Dagmar, aliyezaliwa mwaka 1847, walilala chumba kimoja.

Machi 1863 Alexandra aliolewa na Edward, mrithi wa kiti cha Uingereza. Mwaka uliofuata Prussia na Austria ziliivamia Denmark na kuinyang'anya Schleswig, Holstein na Lauenburg. Uingereza haikutuma jeshi kuwasaidia wakwe zake. Alexandra hakuisamehe Prussia maisha yake yote.

Dagmar alichumbiwa na Nicholas, mrithi wa kiti cha Urusi, lakini kijana huyo alifariki mjini Nice Aprili 1865. Mwaka 1866 akaolewa na mdogo wa marehemu, Alexander, akabadili dhehebu na kuitwa Maria Feodorovna. Mumewe alitawala kuanzia mwaka 1881 hadi alipofariki mwaka 1894.

Thyra, kitinda mimba wa mabinti hao, aliolewa mwaka 1878 na Ernst August, mrithi wa Hanover, ufalme uliokwisha kumezwa na Prussia mwaka 1866. Hakupata taji, na pengine ndiyo sababu habari zake huandikwa kwa uchache.

Uzito wa undugu huo ulipimwa wakati wa mapinduzi ya Urusi. Mfalme George wa Tano wa Uingereza alikuwa mwana wa Alexandra. Nicholas wa Pili wa Urusi, mwana wa Dagmar. Kwa hesabu ya Waswahili, hao ni ndugu hasa, kwa kuwa mama zao ni dada wa tumbo moja. Hata hivyo, mwaka 1917 Uingereza ilipokubali kumpa Nicholas hifadhi, George, akihofia kiti chake, alishinikiza mwaliko huo ufutwe. Julai 1918 Nicholas aliuawa pamoja na mkewe na watoto wao watano. Mdogo wake, Michael, alikuwa ameuawa mwezi uliotangulia.

Kwa mama yake mdogo, George alifanya vingine. Aprili 1919 manowari ya Uingereza, HMS Marlborough, ilimchukua Dagmar kutoka Crimea. Alikubali kuondoka baada ya dada yake kumsihi, na kwa sharti kwamba wengine waliokuwa hatarini nao wasafirishwe.

Alirejea Denmark, akaishi Hvidøre, nyumba ya ufukweni karibu na Copenhagen ambayo yeye na Alexandra waliinunua pamoja miaka ya nyuma. Hadharani hakukubali kamwe kwamba wanawe wamekufa.

Alexandra alifariki mwaka 1925, na Dagmar Oktoba 1928. Thyra aliishi zaidi yao wote wawili, naye akafariki huko Gmunden, Austria, mwaka 1933.

Dagmar alizikwa Roskilde, wanakolala wafalme wa Denmark. Septemba 2006 mabaki yake yalihamishiwa St Petersburg na kuzikwa karibu na mumewe, miaka 140 tangu alipoondoka kwao akiwa bibi harusi.