Bundi kishungi

Kunguru wa Mbagala wakiupigia kelele mwembe mmoja asubuhi nzima, inua kichwa utazame kwenye kivuli kizito karibu na shina. Huenda aliyejibanza pale ni bundi wa kijivu mwenye madoa, macho ya njano na manyoya yaliyochongoka pande mbili za kichwa. Watoto huyaita pembe, na neno hilo limemponza. Ndege mwenye pembe, anayelia usiku juu ya bati, anadhaniwa katumwa. Anapigwa mawe.

Wataalamu wamezoea kumweka katika jenasi ya Bubo. Waingereza humwita kwa jina linalounganisha tai na bundi, na mfasiri mwenye haraka atatuletea “bundi tai”. Siafiki. Tai si ukoo wake, wala jina hilo halimsaidii aliyesimama chini ya mwembe kumtambua. Kamusi za zamani zina “babewatoto”, jina la bundi wa kutishia watoto, na vitisho tumeshakuwa navyo vya kutosha. Lakini mfugaji yeyote wa kuku wa kienyeji anamjua yule wa kishungi. Basi huyu naye ni bundi kishungi. Si pembe, wala si masikio: masikio yake ni matundu yaliyofunikwa na manyoya ubavuni mwa uso. Kishungi humfanya afanane na tawi lililovunjika, asionekane mchana.

Wa mwembeni ana urefu wa sentimita 45 hivi. Nduguye wa nyikani, aliyeelezwa na Mholanzi Temminck mwaka 1820 na kuzoeleka kwa jina la Bubo lacteus, yaani wa rangi ya maziwa, ndiye bundi mkubwa kuliko wote Afrika. Jike hukaribia kilo 3, na mabawa yakitandazwa hufika sentimita 140. Hukaa kwenye miti mikubwa ya Serengeti na Mikumi, hula kanga, sungura na kalunguyeye, na hajengi tago: hutwaa la tai au la fundichuma. Macho yake ni meusi. Akisinzia, kope hushuka zikiwa na rangi ya waridi, kana kwamba kajipaka wanja wa harusi. Ningemwita bundi kishungi kope-waridi.

Wa Mbagala hana kope hizo. Ila chini ya mwembe wake utaokota vidonge vikavu alivyotapika. Vunja kimoja: manyoya, vifupa, fuvu la panya.