Sime na Wafuaji Wake

Sime hutambulikana mara moja ionekanapo kiunoni mwa Mmasai; lakini aghalabu watu huijua kwa mvaaji wake, wala si kwa mfuaji. Bapa lake huwa jembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea nchani, na makali yake ni pande zote mbili. Msuka wake huchomekwa katika mpini wa mti, na mpini huvikwa ngozi mbichi, ambayo ikisha kukauka hushika barabara hata mkono wenye jasho usiteleze. Ala hufanywa kwa vipande viwili vya mti vilivyofunikwa ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Kazi ya ala si ya kudharauliwa: ikilegea, sime huponyoka njiani, ikibana mno, haichomoki wakati wa haja.

Biashara ya visu katika nchi hizi ni ya kale. Kitabu cha Kiyunani cha safari za Bahari ya Hindi, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, chataja mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa Rhapta kutoka Muza, bandari ya Yemen. Isidhaniwe kwa hayo kwamba wenyeji hawakujua chuma. Buhaya chuma kilikuwa kikiyeyushwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aeleza kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na faida yao kubwa ilitoka humo.

Heshima ya mhunzi, hata hivyo, haikuwa moja kila mahali. Katika Ugweno, kaskazini ya milima ya Upare, ukoo wa Washana ulikuwa wa wafua chuma, nao ndio uliotawala mpaka Wasuya walipouondoa katika enzi. Isaria Kimambo ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Majembe na silaha za Wagweno zilifika hata Uchaga.

Si mbali na hapo, kwa Wamasai, mambo yalikuwa kinyume. Wahunzi wao, il-kunono, walitengwa. Kuoana nao kulikatazwa, na chombo kilichotoka mikononi mwao kilipakwa mafuta kwanza ili kitakasike. Merker, aliyeandika mwaka 1904, ataja sababu waliyoitoa: mfua silaha huwashawishi watu kumwaga damu. Hoja hiyo ni ya ajabu kidogo, kwa kuwa aliyeimwaga damu yenyewe alisifiwa.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilipeleka bara sengenge nyingi za chuma. Moto wa kuyeyushia mawe na mchanga wa chuma ukazimika polepole, lakini mvuo na fuawe havikuachwa. Mhunzi alifua sengenge badala ya chuma chake, na kwa wingi wa chuma hicho mikuki ya Wamasai na Wachaga ikapata mabapa marefu kuliko ya zamani. Baadaye zikaja tupa kuukuu na springi za magari, na sime nyingi zimefuliwa kwazo.

Sime za zamani zimejaa katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Vibandiko vyake hutaja kabila la mvaaji, na mara nyingi jina la Mzungu aliyeichukua na mwaka wa kuichukua. Jina la aliyeifua ni nadra kuonekana.