Lelemama: Umoja wa Bei ya Kanga

Utumwa ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria zilishughulika na uhuru na fidia ya mabwana. Hazikusema mwanamke aliyeachwa huru angekaa barazani kwa nani jioni, angeuguzwa na nani, wala nani angemkunia nazi siku ya harusi ya binti yake. Hayo wanawake wa Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja waliyatafutia jibu wenyewe, na sehemu kubwa ya jibu hilo ilikuwa ngoma iitwayo lelemama.

Kwa macho ya mgeni, lelemama haikuwa na la kutisha. Wanawake walijipanga safu moja, wamevaa nguo za aina moja, wakacheza kwa mikono na mabega zaidi kuliko kwa miguu. Zumari ililia, ngoma zikajibu, mwimbaji akaanza na wenzake wakapokea. Aliyezoea vishindo vya ngoma za unyago angeiona imepoa. Lakini nyuma ya safu ile palikuwa na chama: kiongozi, wasaidizi wake, mtunzi wa nyimbo, michango, mtaa wa kutetewa na, juu ya yote, chama kingine upande wa pili wa mji kilichokuwa kikisubiri kuaibishwa.

Margaret Strobel, mwanahistoria wa Kimarekani aliyefanya utafiti Mombasa miaka ya 1970, aliona kwamba vyama hivi viliwaweka pamoja wanawake ambao ukoo uliwatenga. Binti wa nyumba kubwa ya Mji wa Kale na mjukuu wa mjakazi walisimama safu moja. Hii haina maana kwamba tofauti zilikwisha. Nani aongoze, nani apike, nani aalikwe ndani na nani aishie uani, mambo hayo hayakuyeyuka kwa sababu ya wimbo. Hata hivyo, katika mji uliokuwa bado unaulizana nani ni mtoto wa nani, kusimama bega kwa bega mbele ya macho ya watu halikuwa jambo dogo.

Ni nini kilichowashika pamoja? Ukiondoa mapambo, unabaki na vitu vitatu, na vyote vilikuwa rahisi kwa bei: nguo, wimbo na mpinzani.

Tuanze na nguo. Zamani za utumwa, vazi lilimtangaza mtu kabla hajafungua kinywa. Wajakazi wengi walijifunga merikani, ile marudufu isiyo na maua, au kaniki iliyotiwa rangi nyeusi. Baadaye kanga ikaingia, na haikuhitaji ruhusa ya bwana. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana zaidi kwa jina la Abdulla, lilianza mwaka 1887 na likawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kanga pwani. Mwanamke aliyekuwa jana hana kitu aliweza kuweka akiba kidogo kidogo mpaka akanunua doti. Chama kilipoamua sare, wote walinunua kanga ya maua yale yale na jina lile lile. Walipojipanga, mtazamaji hakuweza kusema yupi ni muungwana wa kuzaliwa na yupi baba yake aliletwa na jahazi. Kwa bei ya doti moja, chama kilinunua kitu ambacho sheria ya 1907 haikuweza kukitoa.

Wimbo nao haukuwa na gharama, ila ulihitaji kipaji. Kila chama kilimtegemea mtunzi aliyejua kufumba, maana Waswahili wa pwani hawamtaji adui kwa jina wakati wanaweza kumtaja kwa fumbo ambalo mji mzima utalifumbua kabla ya alfajiri. Aliyevunja ahadi, aliyevunja ndoa ya mwenziwe, aliyekopa nguo akaenda nayo mazima, wote waliweza kujikuta ndani ya ubeti. Hukumu hiyo haikuwa na rufaa. Ndiyo maana vyama hivi vilikuwa pia mahakama za aina yake: mwanachama alilindwa na ulimi wa wenzake, na alijichunga asije akaangukia ulimi wa wapinzani. Wapo wanaoziita nyimbo hizo umbeya uliopigiwa ngoma. Zilikuwa zaidi ya hapo. Mwanamke asiyekuwa na kiti katika baraza la wazee wala kwa liwali alikuwa na mahali pa kusemea, na alisikilizwa.

Kisha mpinzani. Katika vyote vitatu, huyu ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote, na hakuna aliyemlipa senti.

Mashindano yalikuwa hewa ya miji ya pwani tangu zamani. Lamu iligawanyika kati ya Mkomani na Langoni, na kila upande ulijiona ndio mji. Wakati wa ukoloni wanaume wakaanzisha beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, na Mombasa ikapata Kingi na Scotchi, wale wa pili wakijipamba kwa mavazi ya Kiskoti. Upande wa Tanganyika wakavuma Marini na Arinoti. Wanawake hawakubaki watazamaji. Mombasa ilikuwa na vyama vyao vilivyopambana kwa miaka mingi, na majina mawili yaliyokumbukwa sana ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Unguja, katikati ya karne ya 20, vikundi vya taarab vya wanawake vilijiita Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun, na vingine vikajitwalia majina ya majeshi ya Muingereza bila haya: Royal Navy na Royal Air Force. Msomaji anaweza kucheka, lakini aone pia dharau iliyomo. Majeshi ya kutisha ya mfalme wa mbali yaligeuzwa kuwa jina la akina mama wa mtaani wanaoshindana kwa mashairi.

Chama kisicho na mpinzani husahau mikutano yake. Chenye mpinzani hukutana hata pasipo ajenda, kwa sababu lazima wimbo wa jana ujibiwe. Mazoezi yalifanyika uani, kahawa ikapita, watoto wakalala mapajani, na siri ya sare mpya ikalindwa mpaka siku yenyewe. Saa hizo za maandalizi ndizo zilizozaa undugu, kuliko usiku wa ngoma wenyewe.

Tatizo lilianza pale ushindi ulipopimwa kwa sahani. Katika vyama vingi cheo kilipatikana kwa kulisha watu: anayetaka kupanda aliwaandalia wenzake karamu, na anayetaka kupanda zaidi akaandaa karamu kubwa zaidi. Chama kikichinja mbuzi, wapinzani walijibu kwa ng'ombe. Mapambo ya dhahabu yakaenda rehani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 mjini Mombasa, hakuchoka kukemea israfu ya watu wa pwani, akitaka fedha na akili vielekezwe kwenye elimu, ya wasichana ikiwemo. Alikuwa na haki katika hesabu. Ila lawama ya israfu ilizivika ngoma zote kofia moja, kana kwamba kilichowakutanisha wanawake kilikuwa pilau. Karamu zilikuwa za wachache wenye uwezo au wenye tamaa ya cheo. Walio wengi walikuja kwa sababu ya sare, wimbo na hamu ya kuwashinda wale wa ng'ambo ya mtaa.

Umoja huu wa sare, wimbo na mpinzani haukuwa wa pwani peke yake. Mapema katika karne ya 20, wanafunzi wa kike weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, walikuwa wakianzisha vyama vya udada vyenye rangi zao, nyimbo zao na wapinzani wao: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 na Delta Sigma Theta mwaka 1913. Hapakuwa na uhusiano wowote kati ya Howard na Mombasa. Lakini wasichana 22 walioanzisha Delta waliunda chama chao Januari, na ilipofika Machi wakajitokeza katika maandamano ya kudai kura ya wanawake. Wenye nguo moja na wimbo mmoja, inaonekana, hawachelewi kuingia siasa.

Dar es Salaam ilikuja kulithibitisha hilo mwaka 1955.

TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kilikuwa chama cha wanaume. Tena wanaume wengi wenye elimu walikuwa wamefungwa mikono, kwa kuwa tangu 1953 serikali iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka huo wa 1955 akafika mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour, akauliza chama hiki kina wanawake wangapi na kiongozi wao ni nani. Jibu la haraka lilipatikana kwa Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, asiyekuwa msomi mkubwa wala mtumishi wa serikali. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba.

Bibi Titi hakuanza kwa kutafuta wasomi. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma vya mjini, kikundi kimoja baada ya kingine, akazungumza nao, nao wakazungumza na wanachama wao. Hapakuwa na haja ya kuchapa matangazo. Mtandao ulikuwapo tayari, una viongozi wanaoaminika, una mahali pa kukutania, na una watu waliozoea kuchanga senti zao na kuamini kwamba hazitaliwa. Kufikia Oktoba 1955, wanawake 5,000 walikuwa na kadi za TANU. Wengi wao walikuwa wauza vitumbua na maandazi, wapishi wa pombe, wenye vyumba vya kupangisha. Watu waliojitafutia riziki wenyewe, ambao hakuna mkubwa wa ofisi angeweza kuwafukuza kazi kwa sababu ya kadi. Susan Geiger, aliyekusanya simulizi zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1997, alibishana na wale wanaoandika kana kwamba uzalendo ulishushwa kwa akina mama hawa kutoka kwa wasomi. Kwa maoni yake walikuja nao. Katika vikundi vyao, Mzaramo, Mmanyema, Myao na Mngoni walikuwa wameshazoea kuimba wimbo mmoja kwa Kiswahili kabla TANU haijazaliwa.

Vitabu vya shule humpa Bibi Titi ukurasa wake, na barabara mojawapo kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Bomba haina ukurasa. Huo ni upungufu, kwa sababu bila vikundi kama Bomba, kipaji chake cha kuhutubia kingekosa masikio 5,000 kwa kasi ile.

Mombasa ilichukua njia nyingine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia lelemama ilianza kufifia. Shule ya wasichana wa Kiarabu ilikuwa imefunguliwa mwaka 1938, na wasichana waliotoka huko walitaka mikutano yenye kumbukumbu na mweka hazina. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vikaibuka Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, vikafundisha ushoni na kusoma, vikachangisha fedha za misaada, na wanawake wa jamii ya Waarabu wakadai haki ya kupiga kura. Waliokuwa wakijua ngoma walitambua jambo: vyama vilikuwa viwili, na vilishindana. Ule ushindani wa safu mbili haukuachwa nje ya mlango wa ofisi.

Ukitafuta lelemama leo utaiona zaidi kwenye maonyesho ya utamaduni, ikichezwa kwa dakika chache mbele ya wageni. Lakini sehemu zake zimetawanyika kila mahali. Sare ya kitenge ya upande wa bibi harusi, michezo ya kupeana fedha kwa zamu, mipasho ya taarab ambayo kila shabiki anajua imemlenga nani, vyote hivyo vina damu ya vyama vile. Hata ugonjwa wake umerithiwa: kamati za harusi za mjini zinazopandisha mchango mpaka jirani anajificha zinarudia kosa la wale waliojibu mbuzi kwa ng'ombe.

Kumbukumbu za ngoma hizi hazikugawanywa sawa. Mombasa ilibahatika: mwaka 1991 simulizi za Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy zilitoka katika kitabu cha Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, kilichohaririwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel. Tanga, Bagamoyo, Pangani na mitaa ya Kariakoo na Ilala hazina akiba ya namna hiyo kwa upande wa ngoma za akina mama. Msichana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1955 sasa amepita 80. Mwenye nyanya au bibi aliyewahi kusimama katika safu ile na akague simu yake ina nafasi ya kutosha, kisha amuombe amwimbie, amtajie jina la chama, rangi ya sare, na hasa jina la chama walichokuwa wakikiimba vibaya.